Mjadala: Lilian Baels alichukiwa kwa makosa yake, au kwa sababu hakuwa Astrid?

Wadau, kila Malkia Astrid wa Ubelgiji anapotajwa hapakosi mtu wa kusema kwamba Lilian Baels, mke wa pili wa Mfalme Leopold III, alijitakia mwenyewe ile chuki ya Wabelgiji. Mimi napinga.

Astrid alikuwa binti wa ukoo wa kifalme wa Sweden, akaolewa Ubelgiji mwaka 1926. Watu walimpenda kwelikweli. Alikuwa akisukuma mwenyewe kigari cha mtoto mitaani Brussels, na mwaka 1935 aliwaomba wananchi wachangie maskini nguo na chakula. Hata wazee wa Rwanda wanalijua jina lake, maana mji wao wa Butare uliitwa Astrida hadi 1962. Tarehe 29 Agosti 1935, huko Küssnacht, Uswisi, mfalme ndiye aliyekuwa kwenye usukani, dereva kaketi nyuma. Gari likaacha njia, Astrid akarushwa nje, akafa pale pale akiwa na miaka 29. Siku ya mazishi Leopold alitembea nyuma ya jeneza mkono umening'inizwa kwa bendeji, plasta usoni. Taifa zima lilimwona hivyo, na naamini tangu siku ile wengi walitaka abaki mgane maisha yake yote.

Ikaja vita. Mei 1940 mfalme alisalimisha jeshi kwa Wajerumani, mawaziri wakaenda uhamishoni, yeye akabaki mfungwa katika kasri lake la Laeken. Septemba 1941 akamwoa Lilian kanisani kwa siri. Ndoa ya serikali ikafuata Desemba, wakati sheria ya Ubelgiji inataka hiyo ndiyo itangulie. Wananchi walipata habari kwa barua ya Kardinali Van Roey iliyosomwa makanisani, huku maelfu ya askari wao, wengi wao Wawaloni (Wabelgiji wanaosema Kifaransa), wakiwa bado kwenye kambi za wafungwa Ujerumani, mbali na wake zao. Hasira hiyo naielewa kabisa.

Lakini aliyekosa ni nani? Aliyekwenda Berchtesgaden, Ujerumani, kuonana na Hitler Novemba 1940 ni Leopold. Mfalme aliyeapa kuilinda katiba, kisha akapindua utaratibu wa ndoa, ni Leopold. Lilian alikubali asiitwe malkia, na watoto wake hawakupewa haki ya kurithi kiti. Bado akaonekana mporaji wa nafasi ya marehemu! Albert, kitinda mimba wa Astrid, alikuwa na mwaka mmoja tu mama yake alipofariki. Yeye na ndugu zake walimwita Lilian mama. Kwangu mimi ushahidi wa watoto hao unashinda maneno ya mitaani.

Msiniletee kura ya maoni ya Machi 1950. Karibu asilimia 58 walitaka mfalme, aliyekuwa uhamishoni, arudi kwenye kiti: Flanders, kwa wasema Kiholanzi, asilimia 72; Wallonia, kwa Wawaloni, 42. Nchi ilipasuka kwa sababu ya vita na siasa, ndoa ikageuzwa silaha ya kampeni. Julai askari wakaua waandamanaji wanne waliompinga mfalme huko Grâce-Berleur, Wallonia, na mwaka uliofuata Leopold akamwachia kiti Baudouin, mwanawe na Astrid.

Sasa anayepinga anijibu hili: mwaka 1941, Lilian alitakiwa afanye nini hasa? Amkatae mfalme kwa sababu taifa lilikuwa bado linamlilia Astrid? Na mbona swali hilo haulizwi Leopold kwanza?