Wasifu wa fundi cherehani: tuandike nini zaidi ya "mchapakazi na mpenda familia"?

Mjukuu wa Kihonda

Habari za leo wakuu. Tunaandaa wasifu wa mzee wetu, fundi cherehani wa hapa Morogoro. Mazishi ni Jumamosi. Alianza kushona mwaka 1979 kwenye baraza la duka la vitambaa, baadaye akapanga fremu yake mwenyewe na kufikisha vyerehani vitatu. Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu.

Rasimu iliyopo inasema alizaliwa, akasoma, akaoa, alikuwa mchapakazi, mcheshi, mpenda familia, akaugua, akafariki. Ukifuta jina lake ukaweka la mtu mwingine, hakuna atakayegundua. Mchungaji ametoa dakika tano. Kwenye fremu kuna madaftari tisa ya vipimo, la kwanza la mwaka 1996, na kuna nguo zimetundikwa ambazo wenyewe hawajaja kuchukua. Wenye uzoefu naomba mnielekeze, tuchukue nini na tuache nini?

Karani wa Jumuiya

Poleni sana wafiwa.

Dakika tano ni maneno 450, msizidishe. Nyumbani mtu husoma haraka, ila mbele ya jeneza atasoma taratibu na atasimama kumeza machozi. Kuzaliwa, shule na ndoa vimalizeni kwa maneno 100. Ugonjwa ni sentensi moja, na jina la ugonjwa ni siri ya familia mpaka mjane aseme litajwe. Maneno 250 yabaki kwa ajili ya kazi yake na nyumba yake. Watu wengi watakaokuja ni wateja, na hilo ndilo wanalolijua.

Makosa makubwa huwa kwenye majina na tarehe. Orodha ya watoto ichukueni kwa mjane, kisha wazee wa ukoo waipitie usiku wa kuamkia mazishi. Aliyetangulia kufariki atajwe. Kama kuna mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, suala lake liamuliwe ndani, maana akiachwa atalidai jina lake pale pale kwenye kipaza sauti. Mwaka wa kuzaliwa mara nyingi hutofautiana kati ya cheti cha ubatizo na kitambulisho cha NIDA. Chagueni mmoja, mumpe kwa maandishi mchoraji wa msalaba na mtu anayechapa ratiba ya ibada, la sivyo kila mmoja ataandika alichosikia kwa ndugu wa kwanza aliyekutana naye.

Chapeni kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na sentensi isikatikie mwisho wa ukurasa. Msisomee kwenye simu: kioo kinazima, na watu wa pole wanapiga wakati huo huo. Nakala ya pili ashike mtu atakayesimama jirani, ili msomaji akishindwa aendelee yeye bila watu kusubiri.

Sindano 16

Hayo madaftari ndiyo wasifu wenyewe. Msiyarundike na takataka za fremu.

Hesabuni hivi: fungueni kurasa kumi sehemu tofauti, hesabuni oda, tafuteni wastani. Kaunta buku ya kurasa 192 yenye wastani wa oda 7 kwa ukurasa ni oda 1,344, na madaftari tisa ni kama 12,000. Andikeni "oda zipatazo 12,000 katika madaftari yaliyobaki". Msiseme wateja 12,000, kwa sababu mtu mmoja hurudi mara nyingi, na ya kabla ya 1996 hayapo.

Halafu angalieni Desemba na Januari. Shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo kurasa zitakuwa zimejaa sare, sketi na kaptula. Fundi akiwa na oda 60 zote za kuchukuliwa wiki moja, ujue usiku alikuwa hapati usingizi. Hapo neno "mchapakazi" hamlihitaji tena. Tajeni idadi ya sare za Januari moja mliyoihesabu wenyewe.

Fungueni na droo ya cherehani. Sindano namba 14 ni za tetroni na vitambaa vya kawaida, 16 za jinzi, 18 za turubai na mabegi. Zinazojaa droo zinaonyesha alikuwa anashona nini hasa siku kwa siku.

Kuhusu 1979, kaulizeni mafundi wa rika lake waliobaki. Enzi hizo wanaume walishonesha suti ya Kaunda: koti la mikono mifupi lenye mifuko minne na suruali ya kitambaa hicho hicho, mita tatu hivi kwa mtu mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vitambaa viliadimika, na biashara ilipofunguliwa miaka michache baadaye, mitumba ikajaa sokoni. Mafundi wengi wakahamia kwenye sare za shule na kurekebisha mitumba: kupunguza kiuno, kukata urefu, kubadili zipu. Kama mzee naye alipita njia hiyo, semeni, maana aliwalea watoto watano katikati ya mabadiliko hayo. Ila lisiandikwe mpaka mjane au fundi mwenzake alithibitishe.

Mjukuu wa Kihonda

Asanteni sana. Tumeanza kuhesabu jioni hii. Januari 2004 peke yake ina sare 83.

Kuna kitu hatujakielewa. Jalada la nyuma la kila daftari lina majina ya watoto wake watano na namba, mstari mpya kila Desemba. Kwa kifungua mimba kuna "26+3", mwaka unaofuata "28+1", kisha "29", halafu "31+3". Kitinda mimba naye hivyo hivyo. Fedha?

Sindano 16

Si fedha. Ni urefu wa suruali kwa inchi. Namba ya kwanza ni urefu uliomtosha mtoto siku alipopimwa, na baada ya jumlisha ni pindo alilolificha chini ili ashushe mtoto anapokua. Someni mfululizo wake: suruali ilianza na 26 na akiba ya inchi 3. Mwaka wa pili akashusha 2, ikabaki 1. Mwaka wa tatu akaimaliza, ikawa 29 bila akiba. Mwaka wa nne akakata mpya ya 31. Mtoto alivaa suruali moja miaka mitatu, na kila Desemba baba alimsimamisha akampima upya.

Inchi 3 ni nyingi. Unazipinda kwa ndani na kushona kwa mkono mishono ya wazi, ili kufumua kusitoboe kitambaa. Tetroni ikishushwa hubaki na mstari wa pindo la zamani. Unaulowesha kwa siki kidogo iliyochanganywa na maji, unaweka kitambaa juu, unapiga pasi. Ukiona hawa watoto hawakuchekwa shuleni kwa mistari, ni kwa sababu kuna mtu aliifuta.

Hilo jalada lipigeni picha leo, wino wa kalamu za zamani unafifia. Na kwenye wasifu ondoeni "mpenda familia", wekeni hizo namba.

Mzee wa Kamati

Niongeze la nguo, msije mkajikwaa.

Nguo zilizotundikwa si mali ya marehemu, ni za wateja. Zisigawiwe kwa ndugu wala zisiuzwe. Moja moja ibandikwe karatasi: jina, tarehe ya oda, kianzio alicholipa, salio. Kitambaa kilichokatwa bila kushonwa kifungwe pamoja na vipande vyake vyote, bitana na vifungo, kisha fundi mwenzake aombwe amalizie au mteja arudishiwe kama kilivyo. Aliyelipa nusu na nguo haijaguswa ana haki ya fedha yake.

Msomaji akimaliza wasifu, msemaji wa familia atangaze mambo mawili tu: anayemdai marehemu au anayedaiwa aonane na mtu fulani, na nguo zitachukuliwa fremu siku fulani, saa fulani. Majina ya wadaiwa yasisomwe hadharani hata kidogo. Simu ya mzee ibaki hewani na aipokee mtu mmoja, kwani wateja wengi hawana namba nyingine. Fedha za kwenye simu msizitoe kwa namba yake ya siri, zisubiri msimamizi wa mirathi.

Kama mirathi itafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba V ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Vyerehani, pasi, meza ya kukatia na salio la wateja vinaingia humo. Nguo zao haziingii. Mkiandika karatasi hizo wiki hii, kazi hiyo mtakuwa mmeshaifanya nusu.

Mjukuu wa Kihonda

Tumeandika upya. Sehemu ya katikati sasa inasomeka hivi:

"Januari 2004 alishona sare 83 za watoto wa watu. Desemba iliyotangulia alikuwa ameshawapima wa kwake watano, kama alivyofanya kila mwaka. Kwenye jalada la daftari aliandika 26+3: inchi 26 za mtoto alivyo, na 3 za mtoto atakavyokua. Mama alikaa upande wa pili wa meza, akifumua pindo la zamani."

Hilo la mama kalisema mwenyewe.

Karani wa Jumuiya

Iko vizuri, msiiguse tena. Rekebisheni kitu kimoja: kwenye nakala ya msomaji andikeni "ishirini na sita, jumlisha tatu" kwa maneno. Akikutana na alama ghafla atasita, na hapo ndipo sauti itakatika. Na wa nakala ya pili asimame upande wa kushoto, mkono wa kulia wa msomaji utakuwa na kipaza sauti.