Naomba ushauri: natoka kazi ya stoo kwenda uhasibu, chuo gani cha mtandaoni hakitaniangusha?

Karani wa Stoo
Wakuu, habari zenu. Nina miaka 34 na huu ni mwaka wa 11 niko stoo. Nataka kuhamia uhasibu. Si tamaa ya juzi. Kila mwisho wa mwezi nakaa na mhasibu wetu kulinganisha leja zangu na vitabu vyake, na mwaka jana mimi ndiye niliyegundua kwa nini hesabu zilikuwa hazikubaliani: mzigo ulikuwa unapokelewa tarehe 30, ankara yake inaingizwa tarehe 2 ya mwezi unaofuata. Siku ile nilirudi nyumbani na furaha ambayo kuhesabu makatoni hakujawahi kunipa.

Kuacha kazi siwezi, nina watoto wawili, kwa hiyo ni lazima nisome mtandaoni. Nina stashahada ya ugavi. Nilijaza fomu ya kuulizia kwenye chuo kimoja, na tangu hapo afisa udahili wao ananipigia kila siku. Anasema nitamaliza shahada kwa miezi 8 kwa kuwa uzoefu wangu wa kazi unahesabika, ila punguzo la ada linaisha Ijumaa. Tovuti yao inapendeza, na chini kuna nembo tatu za ithibati, yaani za mashirika yanayothibitisha ubora wa vyuo. Ada ya muhula wa kwanza ninayo tayari. Nilipe? Kama si hapo, nianzie wapi?

Zamu ya Usiku
Ndugu yangu, usilipe. Chuo cha kweli hakikimbizani na mwanafunzi hadi Ijumaa.

Mtu wa Masijala
Mkuu, kazi yangu ni kuhakiki vyeti vya waajiriwa wapya, ngoja nikueleze ninavyofanya. Tovuti ya chuo siifungui kwanza. Naanza na mamlaka ya ithibati ya nchi ambako chuo kimesajiliwa, na anwani ya mamlaka hiyo naitafuta mwenyewe, sibonyezi kiungo kilichowekwa na chuo. Vyuo vya Marekani utavikuta kwenye orodha ya Wizara yao ya Elimu na ile ya CHEA, baraza lao la ithibati ya elimu ya juu. Kwa dunia nzima kuna hifadhidata ya WHED, inayotunzwa na Chama cha Kimataifa cha Vyuo Vikuu kwa kushirikiana na UNESCO. Kutafuta ni bure. Soma jina herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda jina linalokaribiana na la chuo kikubwa.

Nembo ni picha tu, yeyote anaweza kuibandika. Na shirika lenyewe la ithibati linaweza kuwa hewa. Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa nyuma ya mamia ya tovuti za vyuo na shule ambazo hazikuwepo, pamoja na mashirika ya ithibati ya kubuni ya kuvitetea vyuo hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa cheti chenye muhuri wa dhahabu, karatasi nzito, nzuri kabisa. Nikaandika namba ya simu ya chuo kwenye kipande cha karatasi, na chini yake namba ya shirika lililokithibitisha. Ilikuwa namba moja. Kijana mwenye cheti alikuwa amekaa mbele yangu na shati lake jipya. Sijaisahau sura yake.

Kuhusu uzoefu: ni kweli vyuo halali vingine hutambua ulichojifunza kazini, lakini unawasilisha ushahidi, wahadhiri wanaupima, na kuna kikomo cha masomo unayoweza kusamehewa. Shahada nzima haisamehewi.

Binti Leja
Nakazia. Mimi nimesoma shahada ya uhasibu kwa masafa, yaani bila kuhudhuria darasani, huku nikifanya kazi, kwa hiyo nakuambia yaliyonikuta. Anzia mwisho, urudi nyuma. Kabla ya kuchagua chuo, iulize bodi ya wahasibu unakotaka kufanya kazi inatambua shahada zipi. ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu chenye mitihani yake ya kitaaluma, wana kikokotoo tovutini kwao kinachoonyesha shahada ya chuo fulani inakusamehe mitihani ipi. Kipitie kabla ya kulipa hata shilingi.

Usidharau elimu masafa, ni ya siku nyingi. Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikitoa shahada kwa watu wasiohudhuria tangu 1858. UNISA ya Afrika Kusini inafundisha kwa masafa tangu 1946, na Open University ya Uingereza ilianzishwa 1969. University of the People, ya 2009, haitozi ada ya masomo bali ada ya tathmini kwa kila somo, ila upande wa biashara wana usimamizi wa biashara, si shahada ya uhasibu.

Hiyo stashahada yako ni mali. Tuma matokeo yako na mitaala yake, uombe jibu la maandishi kabla ya kujisajili: masomo mangapi yatahamishwa. Ahadi ya simu haina kazi siku ya kuhitimu. Halafu muda. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri. Muhula wa kwanza nilichukua masomo manne, nikafeli mawili, Takwimu ikiwemo. Nikashuka hadi mawili kwa muhula. Ilinichukua miaka mitano na sijutii.

Kodi na Riba
Mleta mada, kwani lazima shahada? ACCA unaweza kuanza bila shahada, una ngazi ya msingi ya kupitia. Mimi ningeenda huko moja kwa moja.

Mtu wa Masijala
Kwa ujuzi uko sahihi. Lakini napokea matangazo ya kazi yaliyoandika shahada kama sharti la kwanza, na asiye nayo anaondolewa kabla hajasomwa. Asome matangazo ishirini ya kazi anayoitaka, ndipo aamue.

Karani wa Stoo
Wakuu, mrejesho. Nembo mbili ni za mashirika ambayo hayapo kwenye orodha yoyote. La tatu ni la kweli, lakini jina la chuo halimo kati ya vyuo lilivyovithibitisha. Nilimwomba yule afisa barua yenye namba ya usajili, akasema nikichelewa nafasi itapotea. Hela iko salama benki.

Matangazo ishirini nimesoma: kumi na nne yanataka shahada, kwa hiyo nabaki na shahada. Vyuo viwili nimevikuta WHED na kwenye kikokotoo cha ACCA, nimevitumia matokeo yangu, nasubiri jibu la maandishi. Dada Binti Leja, kama ungeanza upya, yale mawili ya kwanza yangekuwa yapi?

Binti Leja
Misingi ya Uhasibu na Hesabu za Biashara. Ya kwanza tayari unaiishi kwenye leja zako, itakupa moyo. Takwimu iache hadi muhula wa tatu, na usiichukue pamoja na Kodi.