Ushauri: riwaya ya kutisha imenishinda katikati, niache au nimalize?

Chiriku_wa_Jogoo: Wadau hamjambo. Nina riwaya ya Stephen King, Pet Sematary, ile ya 1983. Daktari anahamia Maine, Marekani, na mkewe na watoto wawili wadogo. Mbele ya nyumba, barabara ya malori. Nyuma, msitu wenye makaburi ya wanyama, na ukipita hayo makaburi kuna ardhi ambayo ukizika kitu kinarudi. Paka keshazikwa, karudi ananuka udongo. Nimechungulia kurasa za mbele nikaona kinachokuja, nikafunga. Sasa nalala taa ikiwaka na tokeni za stima zinaisha. Kuna ubaya gani mtu kuacha kitabu katikati? Msinicheke tafadhali.

Makanga_Mstaafu: Acha. Kwani unalipwa? Mimi nilikuwa makanga njia ya Rongai. Usiku mmoja tukabeba mama mmoja pale karibu na makaburi ya Lang'ata, mavazi meupe, kalipa nauli bila kelele. Kufika mbele nageuka nimuulize anashukia wapi, kiti kitupu na gari halijasimama popote. Lakini noti ilikuwa halali. Nilikula chapo madondo nayo.

Mama_Neema: Dada Chiriku, ulichokaribisha mwenyewe usishangae kikikaa. Vijana wa siku hizi hamkumbuki, mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume kuchunguza ibada ya shetani nchini, Askofu Mkuu Nicodemus Kirima akiiongoza. Watu walicheka. Choma hicho kitabu, nyunyiza maji, soma Zaburi 91.

Kalamu_Kavu: Mama Neema, tume haikukataza paka. Chiriku, hauko peke yako. King mwenyewe alipomaliza kukiandika alikitia kando akaona amevuka mpaka. Kilitoka tu kwa kuwa alikuwa na deni la kitabu kwa wachapishaji wake. Kama aliyekizaa alikikimbia, wewe nani? Ukitaka jina la kutisha bila kukosa usingizi, soma Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, 1960. Mzimu uko kwenye jalada, ndani ni Bwana Msa na kiko chake anapeleleza mauaji. Maktaba ya McMillan Mtaa wa Banda jaribu, ina simba wa mawe mlangoni, ipo tangu 1931. Kaloleni pia wana tawi.

Shemeji_Donholm: Mimi niliacha kitabu cha fasihi kidato cha tatu, mwalimu akaniita mbele nieleze mwisho wake. Nikasema wote walioana. Kumbe wote walikufa. Mpaka leo harusi zinanitia wasiwasi.

Wambui_Maswali: Kuna kitu hakinikai. Mtu akichoshwa na kitabu anakifunga, anaweka chai. Haji kuomba ruhusa kwa watu asiowajua. Nani anakusubiri umalize?

Chiriku_wa_Jogoo: Hilo si muhimu sana.

Wambui_Maswali: Basi ndilo lenyewe.

Chiriku_wa_Jogoo: Haya. Si changu. Ni cha mzee jirani hapa Makongeni, mstaafu wa reli. Mwanawe alimtumia kutoka Marekani. Macho yameingia mtoto wa jicho, hivyo jioni nikitoka kazini nampitia namsomea, mkewe ananiwekea chakula. Anapenda vitisho huyo, anacheka peke yake. Lakini ukutani kuna picha ya kijana mwenye sare za shule, na mama alinivuta jikoni akaniambia nisiulize, ni Jogoo Road ile. Na mbele kwenye kitabu lori linamgonga mtoto wa daktari. Mngekuwa ninyi mngesoma?

Shemeji_Donholm: Asante kwa kuniharibia. Nilikuwa nakitafuta.

Nesi_wa_Zamu: Mtoto wa jicho si wa kuvumilia! Lenzi yenye ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia, ganzi ni ya jicho tu, na kwa kawaida nusu saa haifiki. Mpelekeni Kikuyu au ile ya Lions kule Loresho. Mzee atajisomea mwenyewe.

Chiriku_wa_Jogoo: Ndiyo hiyo sasa, nesi. Anapasuliwa wiki ijayo.

Wambui_Maswali: Si ni habari njema? Mbona unasema kama msiba?

Chiriku_wa_Jogoo: Kwa sababu kwenye hadithi ninayomsomea mimi, lori lilishika breki. Mtoto yuko hai. Ameanza shule, paka amehamia kwa jirani. Nafungua kitabu, natoa maneno kichwani, nageuza kurasa ili asikie. Juzi mzee alisema mwandishi amepoa kidogo, eti labda alizeeka. Na sioni ubaya. Mtu anasomewa ili afurahi, hasomewi ili azikwe mara ya pili.

Mtoto_wa_Umoja: Aaah, maze. Sasa nimeshtuka. Mwanzo tokeni, kisha mzee, kisha picha, kisha operesheni. Kila tukiuliza chumba kipya kinafunguliwa. Huyu anatunga riwaya na sisi ndio wahariri wa bure. Thibitisha: paka anaitwa nani?

Chiriku_wa_Jogoo: Church. Kifupi cha Winston Churchill.

Mtoto_wa_Umoja: Hata Google anajua hilo.

Makanga_Mstaafu: Mbona kisa changu cha Lang'ata hakuna aliyekihoji?

Kalamu_Kavu: Kwa sababu ulikula chapo. Umoja, acha. Awe anatunga, asiwe anatunga, swali liko pale pale. Chiriku, mzee akipata macho atasoma, na atajua si King aliyepoa.

Chiriku_wa_Jogoo: Nilikuwa nimepanga kitabu kipotee kwenye matatu.

Wambui_Maswali: Kikipotea haisaidii: inama ya Tom Mboya, vile vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini kando ya barabara, imejaa vya King. Au ampigie mwanawe amtumie kingine. Huyo mzee alizika mtoto na bado aliketi akasikiliza habari za makaburi bila kukuzuia, na wewe ndiye unayelala na taa. Mwambie kabla ya upasuaji: mzee, mbele kuna mtoto anakufa, nisome au nisisome? Achague yeye.

Mama_Neema: Hapo Wambui amenena. Lakini aanze na Zaburi.

Chiriku_wa_Jogoo: Na akisema nisome?

Wambui_Maswali: Utasoma.

Chiriku_wa_Jogoo: Ni rahisi kusema ukiwa nyuma ya simu. Nitaongea na mama kwanza. Yeye ndiye aliyeninyamazisha.

Makanga_Mstaafu: Na kikikushinda kabisa, mimi niko hapa Hamza. Nitakipokea na nitakipoteza kwa uaminifu. Nauli juu yako.