Naomba ushauri: nimuonyeshe binti yangu tamthilia ya Mildred Pierce?

Asalaam aleikum jamani. Nimemaliza Mildred Pierce ya mwaka 2011, ile aliyoigiza Kate Winslet, sehemu zote 5. Mama wa California, miaka ya 1930 uchumi umeanguka, anahudumu mkahawani na kuoka pai ili bintiye Veda asome piano. Veda akigundua ile sare ya kazi, dharau tupu! Hapo nililia.

Mimi nauza mahamri na viazi karai hapa Majengo. Wangu ana miaka 15. Akiwa na wenzake huvuka barabara kama hanijui, mikono yangu imejaa unga. Natamani aione, ila ina mambo ya chumbani, na nahofia atasema nampiga vijembe. Ama nimkalishe tu nimwambie wazi? Mliolea mabinti, nisaidieni.