Mjadala: Nyati kwa .30-06? Mimi napinga

Wakuu, kuna hoja inarudi kila wenye bunduki za kuwindia wakikutana: kwamba kiwango cha chini cha kaliba (upana wa risasi, kwa inchi) ya .375 ambacho Tanzania inakitaka kwa nyati na tembo kimepitwa na wakati, na mwenye .30-06, ambayo risasi yake ni nyembamba zaidi, akiwa na risasi nzuri za siku hizi aruhusiwe. (Ndugu wa Kenya mtatuwia radhi, kwenu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977.) Siafiki, ingawa nusu ya hoja yao ni kweli tupu.

Kwa swala pala, kongoni, hata tandala mkubwa, .30-06 inatosha na chenji inabaki. Pofu dume mwenye uzito kama wa nyati huanguka nayo ikipita nyuma ya bega. Na kumbebesha .375 mtu asiyeizoea ni kumharibu. Nendeni naye kwenye shabaha, mchanganyie risasi bovu isiyolipuka katikati ya risasi nzima bila yeye kujua. Akivuta triga utaona mdomo wa mtutu umeinama na macho yamefumbwa, kwa kuogopa teke ambalo halikuja. Huyo porini atapiga tumbo, na tumboni kaliba haimsaidii mtu.

Sasa nyati. Hapa watamleta W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, akaua tembo zaidi ya elfu moja, wengi kwa 7x57 ya Mauser, ndogo kuliko hiyo .30-06. Sawa. Lakini Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi, alitumia risasi ngumu zisizochanua, na pori lilikuwa ofisi yake. Mteja anayeshuka kwenye ndege na kibali mkononi si Bell.

.375 H&H (Holland & Holland, watengeneza bunduki wa Uingereza), ya mwaka 1912, husukuma kichwa cha risasi cha gramu 19 hivi; .30-06 mara nyingi ni chini ya 12. Nyati akisimama ubavu wazi, hana habari na wewe, tofauti hiyo huioni. Utaiona akishajeruhiwa, ameingia kichakani na kugeuka kuvizia njia yake mwenyewe. Hapo anakuja uso kwa uso, na risasi lazima ipasue mfupa na bado iende ndani.

Na anayetangulia mle si mwenye bunduki. Ni msoma nyayo, pengine ana fimbo tu, jicho liko kwenye tone la damu juu ya jani. Mimi kiwango kile nakihesabu kuwa chake yeye. Ningekiongezea hata mtihani: hakuna kibali cha nyati mpaka mtu aonyeshe shabaha kwa .375 hiyohiyo atakayoibeba. Akishindwa kuimudu, swala wapo.

Wanaotaka kiwango kishuke wanijibu hili tu: damu ikielekea kichakani, wako tayari kutangulia mbele ya msoma nyayo?