Dola 160 kwa siku na masaa hayaishi: madereva wa vifurushi Marekani, ovataimu mnaipataje?

Mgeni_TX
Wakuu habari za majukumu. Nipo Texas upande wa Dallas, nimeingia kazi ya kusambaza vifurushi kwa vani, siyo kwa kampuni kubwa yenyewe, ni jamaa ana vani zake anachukua mzigo kwa hao wakubwa. Malipo dola 160 kwa siku, basi. Mwanzo nikaona hela nzuri tu maana tuliambiwa ukimaliza mapema unaenda zako na hela yako ni ile ile. Sasa nani anamaliza mapema? Saa nne asubuhi tupo uwanjani tunapakia, ruti inaanza saa tano, unafika apatimenti namba ya geti uliyopewa sijui ni ya mwaka juzi, unampigia mteja hapokei, lifti mbovu, ghorofa ya tatu kuna mbwa amekukalia mlangoni na boksi lenyewe ni chakula chake. Ukikazana ukamaliza saa moja jioni dispatcha, yule wa ofisini anayepanga ruti, anapiga simu, kamsaidie fulani kazidiwa, yani anayekimbia ndo anaongezewa. Vani nairudisha saa tatu usiku, saa nyingine nne kasoro. Siku sita kwa wiki, na wazoefu wanasema subiri Thanksgiving, ile sikukuu ya mwisho wa Novemba, ipite mpaka Krismasi ndo utajua hujui.

Nilipouliza ovataimu bosi akasema nyie mnalipwa kwa siku siyo kwa saa, halafu madereva kisheria hawana ovataimu. Jamaa aliyenitafutia kazi ananiambia nyamaza. Ni kweli hatuna?

Kipara wa Houston
Karibu kubeba boksi mkuu, safari hii ni boksi kweli siyo utani 😂 Piga hiyo 160 kwa madafu uone, bongo kuna mtu na digrii yake haipati hiyo kwa wiki. Mi mwenyewe naendesha stepu vani, lile gari kubwa la mizigo, sijawahi kuona ovataimu na maisha yanaenda. Bosi hajakudanganya, madereva hatumo.

MamaRuti
Kipara pole lakini hapo umemdanganya kijana wa watu. Mimi niko Ohio, nimefanya hii kazi miaka na pia nimekaa ofisini kwa dispatch kwa hivyo nimeona pande zote.

Kwanza hii ya "unalipwa kwa siku". Kulipwa kwa siku ni sawa, hakuna mtu amekataza, lakini haiondoi ovataimu. Sheria ya kazi ya hapa ya 1938 inasema ukipita masaa 40 kwa wiki lazima uongezewe, na kwa mtu wa kulipwa kwa siku hesabu inaenda hivi: chukua pesa yote ya wiki gawanya kwa masaa yote umefanya, hiyo ndiyo bei yako ya saa, halafu kila saa juu ya 40 unaongezewa nusu ya hiyo bei. Tuseme siku sita ni dola 960 na umefanya masaa 60 ndio hesabu iwe rahisi. Saa moja inakuwa dola 16, nusu yake ni 8, masaa 20 ya ziada mara 8 ni dola 160. Yaani kila wiki huyo mtu anakaa na pesa yako ya siku nzima. Na vile masaa yanaongezeka bei ya saa inateremka, ndio maana hawa watu wanapenda sana kulipa kwa siku.

Pili, ya "madereva hawana". Hapo kuna ukweli kidogo na wanaushikilia kama ukuta. Kuna msamaha wa Motor Carrier Act unatoa madereva wa barabarani kwa ovataimu, lakini tangu 2008 Congress ilirekebisha, gari la uzito wa paundi 10,000 kwenda chini haliko kwa huo msamaha. Fungua mlango wa dereva, angalia kwa nguzo pale mlango unafungia, kuna stika iko na GVWR, yaani uzito wa juu kabisa gari limeruhusiwa na kiwanda, pamoja na mzigo. Usiangalie uzito wa mzigo umebeba leo, angalia hiyo namba imeandikwa. Ikiwa 10,000 au chini ovataimu ni yako. Ikiwa juu, hapo bosi anaweza kuwa sawa.

Kipara wa Houston
Kumbe. La kwangu ni zaidi ya hapo, lina 16,000 na kitu. Kwa hiyo mi ndo sina?

MamaRuti
Kwa sheria ya serikali kuu kuna uwezekano mkubwa huna, na Texas haina sheria yake ya ovataimu kwa kampuni za watu binafsi, inafuata hiyo hiyo. California ni story ingine kwa wenye vani ndogo, kule ukipita masaa nane kwa siku saa ya ziada inaanza kuhesabiwa. Lakini wewe uko na kitu Mgeni hana: gari lako liko chini ya sheria za malori. Huwezi kuendesha zaidi ya masaa 11, na ukimaliza saa ya 14 tangu uingie kazini huruhusiwi kushika usukani, halafu kuna kikomo cha masaa 60 kwa siku saba. Mwenye vani ndogo hana kikomo hicho, bora alipwe tu. Yaani gari kubwa lina kikomo halina ovataimu, gari dogo lina ovataimu halina kikomo. Mwenye aliandika hii sijui alikuwa anafikiria nini.

Wenye wako na chama cha wafanyakazi wako mbali. Madereva wa kampuni ya UPS wako na chama cha Teamsters, mkataba wao wa 2023 ulimaliza kulazimishwa kazi siku ya off. Sisi wa masabukontrakta kila mtu anapigana peke yake.

MtuWaBukavu
Ndugu yangu Mgeni, niko Kentucky, ata mimi nilitumika hiyo kazi ya vani. Angaliya muzuri ile karatasi ya mshahara. Patro yangu alikuwa anakataka dakika 30 ya kula kila siku, machine inakata yenyewe, na mimi nilikuwa nakulaka mukate mu gari nikiwa natembea, mukono moja ku volan. Hiyo haiko pause, hiyo ni kazi. Na wakati ya kupakiya asubuyi, na kungojea, yote ni kazi, haianze ku nyumba ya kwanza. Tulienda ku biro ya Wage and Hour, ni ya serkali, ya mambo ya mishahara, bako na bantu ba kutafsiri, na makaratasi ya imigration habaulizake. Bengi kwetu banaogopa bure.

Mgeni_TX
Aisee nashukuruni sana. Nimetoka kuangalia mlangoni, imeandikwa GVWR 9,070 LB. Nimeipiga picha. Sasa nimvae bosi kesho asubuhi au? Maana wengine hapa wamewekwa 1099, fomu ya kodi ya kontrakta, siyo W-2 ya mwajiriwa, sijui na hiyo inabadilisha.

MamaRuti
Kesho usimvae mtu. Hiyo ya 1099 ni karatasi tu, kama vani ni yake, ruti anapanga yeye, saa ya kuingia anasema yeye, huyo ni mfanyakazi hata wakimuita kontrakta, na ndio hao wanaumia sana. Wewe anza na daftari. Kila siku andika saa umefika uwanjani, saa umerudisha vani, na kama umekula gari likiwa limesimama ama la. Picha za skana ukiingia na ukitoka pia, kwa simu yako siyo ya kazi, juu siku wanakutoa simu yao inazimwa na kila kitu kinaenda nayo.

Kurudi nyuma unaweza kudai miaka miwili, mitatu kama alijua na akafanya makusudi. Kukufukuza juu umedai ni makosa, ingawa wako wenye hutafuta sababu ingine, so uwe na ushahidi kabla ya kufungua mdomo. Na kama mnalipwa kila wiki mbili asikuchanganye, kila wiki inahesabiwa peke yake, hawezi kukuambia wiki hii ulifanya 60 na ile ingine 20 kwa hivyo mko sawa.

Kipara wa Houston
Mgeni ukishinda kesi usisahau aliyekukaribisha. Mi naenda kutafuta vani ndogo.