Naomba ushauri: mwanangu abaki klabu ya kijijini au ahame?

Habari zenu wakuu, hasa mlioko Ayalandi. Tunaishi kijijini Leitrim, mwanangu wa miaka 12 anacheza mpira wa Kigaeli (ule wa mikono na miguu, juu ya mtambaa panya kwa kawaida pointi 1, wavuni 3). Klabu ni ya parokia, halipwi mtu, na watoto ni wachache hadi timu yao imeunganishwa na ya jirani. Sasa tunahamia kilomita 30 kutoka hapa. Nimemuuliza kocha, kasema niamue mwenyewe, ila uso wake niliuona! Hawa ndio waliotupokea tulipofika hatumjui mtu.

Aliyewahi kumhamisha mtoto, ulianzia wapi? Na mkimrudisha mazoezini kila wiki kwa gari, mliweza hadi lini?